Namba za udongo wako zinatoka wapi? Kuunga kihisi ku pini za Arduino

Wandugu, mu memware zetu za agronomia, karti ya Arduino Uno imeanza kuzoeleka. Mwanafunzi anachomeka kihisi cha unyevu mu udongo, namba zinapita ku ekra, anaziandika mu jedwali. Vizuri. Lakini pini ya analoji yenye haikuungwa na kitu, nayo inatoa namba! Inaokota umeme wa fili za karibu, hata wa mkono wako. Mara 312, mara 540, zinapanda na kushuka sawa vile udongo wa kweli. Juri inaweza kupitisha. Mkulima mwenye atamwagilia kwa kufuata memware hiyo, yeye njo atalipa.

Tuangalie pini zenyewe. Uno iko na pini 14 za dijitali, 0 mpaka 13, na 6 za analoji, A0 mpaka A5. Ya dijitali inajua mambo mawili tu: umeme upo, ao haupo. Ya analoji inapima kutoka volti 0 mpaka 5 na kuzigeuza kuwa namba kutoka 0 mpaka 1023. Hatua moja ni karibu milivolti 5. Unyevu unabadilika pole pole, basi kihisi chake kinaenda ku A0, hapana ku pini 7. Pini 0 na 1 uziache, karti inazitumia kuongea na ordinatere.

Kihisi hiki kiko na fili tatu: ya umeme, ya sinyali, na ya masi, pale karti imeandikwa GND. Masi njo watu wanasahau. Volti ni tofauti kati ya pointi mbili. Kama kihisi kinakula batri yake na karti inakula yake, na masi zao hazikuungwa pamoja, karti itapima kuanzia wapi? Ni kama kupima urefu wa mihindi bila kujua nani amesimama mu shimo.

Sasa, kwa kukamata namba za uongo: weka rezistansi kubwa, megaomu 1, kati ya A0 na masi. Haisumbui kihisi sana, lakini fili ya sinyali ikikatika, namba inaanguka karibu na 0, na unajua palepale. Kisha linganisha na njia yetu ya zamani: pima uzito wa udongo wa shamba lile lile, ukaushe mu furu ku digri 105 kwa saa 24, upime tena. Rudia kwa udongo mkavu, wa katikati na wenye kushiba maji. Bila hiyo, 480 yako haina maana yoyote ya kilimo.

Upande wa kutoa, pini inafaa kubeba miliampea 20 tu. Inaamrisha, hailishi. Pompi ya volti 12 inapita ku rele, na diodi ndogo ku bobini ya rele kwa kuzuia umeme wenye unarudi wakati inazimwa. Rele zenye zinauzwa ku kibao mara nyingi ziko nayo tayari. Na usisome unyevu wakati pompi inazunguka, motere inatikisa umeme na namba zinaruka. Soma kwanza, ndipo uwashe.