Pumzi Zetu, Tangu Utoto Hata Uzee

Magonjwa ya kifua hayachagui umri, lakini kila umri una ugonjwa unaouwinda zaidi. Inatupasa kuyajua, maana wengi hufa kwa kukawia tu.

Watoto wachanga adui wao ni kichomi. Mwaka 2019 kiliua watoto zaidi ya 740,000 duniani waliokuwa hawajatimiza miaka 5. Kwetu Kongo chanjo ya kuwakinga na vijidudu vya pneumokoki, vinavyoleta kichomi mara nyingi, ilianza kutolewa mwaka 2011. Mama asiikose. Tena ajue kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia, kwa dakika nzima. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, ni hatari. Vilevile kifua kikibonyea chini ya mbavu kila avutapo pumzi. Tusingoje asubuhi, wala tusianze kwa kutafuta nani amemroga. Twende hospitali saa ileile.

Watoto wa shule na vijana husumbuliwa na pumu. Mwaka 2019 watu wapata milioni 262 duniani walikuwa nayo. Utotoni huwapata wavulana zaidi; baada ya kubalehe, wanawake. Pumu haiambukizi; basi mwenye pumu asitengewe kikombe, wala mwalimu asimwite mvivu. Dawa zake za kuvuta kwa kinywa ni za namna mbili: moja hufungua njia za pumzi upesi, nyingine hutuliza uvimbe wa ndani, nayo hutumiwa kama mganga alivyoagiza, hata siku mgonjwa ajionapo mzima. Anayetegemea ile ya kwanza peke yake hupata nafuu, huku ugonjwa ukizidi ndani.

Watu wazima na wazee hupatwa na ugonjwa wa mapafu usiopona, unaoziba njia za pumzi kidogo kidogo. Mwaka 2019 uliua watu zaidi ya milioni 3. Chanzo chake kikubwa ni tumbaku, na pia moshi wa kuni na makala. Ndiyo sababu twaona mama asiyevuta sigara hata siku moja, naye akihema kama mvutaji. Na moshi huohuo humwingia mtoto aliye mgongoni mwake.

Kikohozi kikipita majuma mawili, tukapimwe kifua kikuu, kwa maana hicho chapona kwa dawa.

Basi tupike nje au chini ya paa lililo wazi, kwa kuni kavu, na mtoto akae mbali na moto. Neno hili si la akina mama peke yao. Ee baba wa nyumba, mkeo ndiye apikaye, lakini jiko lile lisilo na dirisha ulilijenga wewe. Juma hili shika panga na nyundo, ukalitoboe.