Koki Iliyosahauliwa Wazi

Mama anayeosha vyombo aweza kulijaribu jambo hili katika beseni lake. Kopo tupu likifudikizwa majini hukataa kuzama, maana hewa iliyomo haina pa kutokea. Likitobolewa juu kwa msumari, hewa hutoka, maji huingia kwa chini, nalo huzama. Tundu likizibwa kwa kidole, maji husimama pale yalipofika. Na mtu akipuliza hewa ndani kwa mrija, maji hufukuzwa na kopo huelea tena. Nyambizi, yaani chombo kisafiricho chini ya maji, huzama na kuibuka kwa njia hiyo. Kidole ndicho valvu.

Tarehe 15 Oktoba 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, wanaume wanane waliingia katika nyambizi H. L. Hunley bandarini Charleston. Saba kati yao walizungusha kwa mikono mtaimbo wa rafadha. Usukani alikuwa nao Horace Hunley, tajiri aliyegharimia kazi hiyo na ambaye chombo kiliitwa kwa jina lake, kwa kuwa nahodha wa kawaida, Luteni Dixon, hakuwapo siku hiyo. Chombo kilizama kupita chini ya meli, nacho hakikuibuka.

Kilipoinuliwa baada ya majuma kadhaa, mhandisi William Alexander, aliyeshiriki kukijenga, alikichunguza na baadaye akaeleza aliyoyaona. Tangi la nyuma lilikuwa limekwisha kutolewa maji kwa pampu. Koki ya tangi la mbele ilikuwa wazi, na spana ya kuifungia imelala sakafuni. Matangi hayo yalikuwa sehemu za chombo chenyewe zilizotengwa kwa kuta zisizofika darini. Ujenzi wa namna hiyo ni rahisi, kwani hewa ya tangi hupata nafasi kwa kurudi chumbani. Lakini tangi likijaa kupita kiasi, maji nayo hufuata njia ile ile. Ndivyo ilivyokuwa. Maji yaliuruka ukuta, pua ikazama matopeni, na mkia uliokwisha kuwa mwepesi ukabaki juu. Boliti zilizoshika vyuma vya uzito chini ya chombo zilikutwa zimezungushwa kwa sehemu tu. Watu walikuwa wakizifungua, muda ukawaishia.

Ni vigumu kumlaumu marehemu peke yake. Koki ambayo hufungwa kwa spana iliyolegea, gizani, na mtu mwenye usukani mkononi, ni koki inayongoja kusahauliwa.

Wajenzi wa nyambizi ndogo za siku hizi, za mtu mmoja au watatu, huyatoa matangi makubwa nje ya chumba cha watu. Chini huachwa matundu wazi daima. Juu huwekwa valvu ya kutolea hewa. Kwa kuwa maji yamo ndani na nje kwa kani ile ile, bati la tangi halina haja ya kuwa nene. Tena chombo kikipanda na hewa ikatanuka, ziada humwagikia chini bila kulipasua. Valvu hiyo haina budi kukaa mahali pa juu kabisa. Ikikaa kando, hewa kidogo hubaki pembeni, na hewa hiyo ni msaliti: katika kina cha mita 10 husinyaa kuwa nusu, hivyo kadiri chombo kishukavyo ndivyo kizidivyo kuwa kizito.

Upana wa tundu nao si jambo dogo. Tundu la mbele likipumua haraka kuliko la nyuma, chombo huinama kama ng'ombe anywaye maji. Mpini wa koki hufungwa moja kwa moja kwenye koki: ukilala sambamba na bomba, njia i wazi, ukikata bomba, imefungwa, na mkono waweza kulitambua hilo hata taa zikizimika. Kabla ya hewa iliyoshindiliwa kufunguliwa ili kufukuza maji, valvu za juu sharti ziwe zimefungwa, ama sivyo hewa yote huponyoka na chombo hubaki chini na mitungi mitupu.

Hunley ilisafishwa na kupewa watu wengine. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864 Dixon na wenzake saba waliizamisha meli ya kivita Housatonic, nao wasirudi. Chombo kilitolewa baharini tarehe 8 Agosti 2000, wote wanane wakiwa ndani.