Bukavu: Kwa nini umeme unachoka saa za jioni

Kwenye saa moja ya jioni, huko Kadutu, taa zinaanza kuwa nyekundu. Friji inanguruma bila kuzunguka, na sombe inachelewa kuiva juu ya jiko la umeme. Wenye uwezo wanawasha kifaa cha kupandisha volti. Kila nyumba inajiokoa, lakini laini ya mtaa inazidi kulemewa.

Mji wa Bukavu unategemea mto Ruzizi: kituo cha Ruzizi I, cha mwisho wa miaka ya 1950, na Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 na ambacho Kongo inakitumia pamoja na Rwanda na Burundi. Wakaaji wengi wanasema turbini hazitoshi. Si uongo. Lakini hata turbini zingetosha, laini nayo ina kikomo chake, na mainjinia wanakitafuta kwa kompyuta kabla hakijawakuta gizani.

Tuchukue laini ya mfano inayoanza na volti 220. Mzigo ukiongezwa, volti zinashuka polepole, kisha haraka. Katika hesabu nyepesi kabisa, zikifika karibu 155, laini imetoa nguvu yote inayoweza kutoa. Nyumba moja ikiongezwa hapo, volti zinaporomoka.

Shida ni kukijua kikomo hicho kwa uhakika. Programu inaongeza mzigo hatua kwa hatua, halafu ghafla inakwama, haipati jibu. Ni rahisi kuandika kwamba kikomo ni hapo, lakini pengine hatua zilikuwa ndefu mno, au makisio ya mwanzo yalikuwa mabaya. Njia ya kuaminika ni kugeuza swali: volti ndizo zishushwe kidogo kidogo, na programu itafute mzigo wenyewe. Mzigo ukiendelea kupanda, ni hesabu tu iliyokuwa imechoka. Ukianza kurudi nyuma, mchoro unapinda kama pua, na ncha ya pua ndiyo kikomo.

Vifaa vya nyumbani navyo vinahesabiwa. Taa ya waya inavuta umeme mdogo volti zikishuka. Kifaa cha kupandisha volti kinafanya kinyume: kinavuta zaidi ili ndani ya nyumba zibaki 220. Tarehe 23 Julai 1987, siku ya joto kali, mashini za kupoza hewa za Tokyo zilifanya hivyo hivyo, na wateja karibu milioni 2.8 wakabaki bila umeme. Tokyo haikuwa mji maskini.

Kuna dawa: kuweka kapasita mwishoni mwa laini ili ibebe zaidi. Lakini inasogeza ncha karibu na volti za kawaida. Taa zinabaki nyeupe, mtaa unafurahi, na hakuna anayeona kikomo kikikaribia mpaka umeme unapokatika wote mara moja.