Mlango wa gofu uko Nairobi, wanaoupita ni wageni

NYAKIRIBA, Rubavu

Mwaka 1998, katika uwanja wa Muthaiga jijini Nairobi, Mkenya Jacob Okello alimaliza raundi za Kenya Open akiwa sare na Ricardo González wa Argentina. Ikabidi waingie mchezo wa ziada ili apatikane bingwa. González akashinda. Miaka mitatu baadaye Muargentina huyo alitwaa European Masters nchini Uswisi, na baada ya hapo akaongeza mataji mengine Ulaya. Okello, kwa upande wake, hutajwa kila Kenya Open inaporudi kuwa ndiye mwana wa nyumbani aliyelikaribia zaidi kombe hilo.

Tangu mashindano hayo yaanze mwaka 1967 hadi ya 2025, hakuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyeyashinda. Ajabu ni kwamba kwa wageni yamekuwa ngazi. Seve Ballesteros wa Uhispania alishinda mwaka 1978, na mwaka uliofuata akanyakua British Open. Ian Woosnam wa Wales alishinda 1986, akaja kuvaa koti la kijani la Masters kule Marekani mwaka 1991. Trevor Immelman wa Afrika Kusini alianza na Nairobi mwaka 2000, naye akalivaa koti hilo 2008. Enzi za Ballesteros, Kenya Open ilikuwa sehemu ya msururu ulioitwa Safari Circuit, uliopitia pia Nigeria na Zambia. Wazungu walikuja huku kutafuta jua na riziki wakati viwanja vyao vimeganda kwa baridi.

Mwaka 2019 Kenya Open ilipandishwa daraja na kuingia katika ziara kuu ya Ulaya, ambayo sasa inaitwa DP World Tour. Mshindi wa mwaka huo, Guido Migliozzi wa Italia, alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Ushindi wa Karen ulimhakikishia nafasi ya kucheza ziara hiyo bila kuomba mwaliko kwa mtu. Miaka miwili baadaye alimaliza wa nne kwa pamoja katika US Open, kisha 2022 akashinda French Open karibu na Paris.

Uhakika huo wa kucheza ndio unaojenga mwanagofu wa kulipwa, kuliko hata hundi ya zawadi. Mchezaji huyu hana mshahara. Hakuna klabu inayomlipa mwisho wa mwezi kama mchezaji wa soka. Nauli ya ndege, hoteli, chakula na malipo ya kedi anayembebea mfuko wa magongo, vyote hutoka mfukoni mwake au kwa mdhamini, kama anaye. Baada ya raundi mbili kuna mchujo: katika mashindano ya wachezaji 144, hubaki kama 65 na wanaolingana nao kwa mikwaju. Wengine hufunga virago Ijumaa jioni bila senti. Zawadi za Kenya Open ya 2025 zilikuwa dola milioni 2.5 kwa jumla, lakini kwa aliyetolewa Ijumaa fedha hizo ni za kusoma magazetini.

Migliozzi akitolewa Nairobi, wiki inayofuata ana shindano jingine. Mwenyeji aliyeingia kwa mwaliko akitolewa, huenda akasubiri mwaka mzima. Ni vigumu kuzoea shinikizo la kiwango hicho kwa kulionja siku mbili kwa mwaka. Wanaosema wachezaji wetu hawana kipaji huisahau hesabu hii. Wengi wao walianza wakiwa makedi, wakajifunza kupiga mpira kwa kuwatazama waliowabebea mifuko, na kipaji cha kujifunza hivyo si kidogo.

Kwa kijana wa Nyakiriba safari ni ndefu zaidi. Vilima vya hapa vimelimwa viazi hadi kileleni. Uwanja wa mashimo 18 huhitaji hekta 50 au zaidi, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeiomba ardhi hiyo katika wilaya ambako kila kipande kinalisha familia. Akitaka kuona gofu ya kiwango cha kimataifa, kijana huyo atapanda basi kwa takriban saa tatu hadi Nyarutarama, Kigali, kwenye uwanja uliosanifiwa na kampuni ya bingwa wa zamani Gary Player wa Afrika Kusini. Bei ya seti moja ya magongo ni habari nyingine kabisa.

Hata hivyo, mambo yameanza kusogea. Sunshine Tour ya Afrika Kusini imeanzisha msururu wa maendeleo wa Afrika Mashariki, ili wachezaji wa ukanda huu washindane mara kwa mara na kujitafutia njia ya kuingia ziara kubwa. Hapa ndipo jumuiya inapoweza kuonekana mfukoni, si kwenye hotuba. Tangu 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, na Kigali hadi Kampala hadi Nairobi hufikika kwa basi. Mchezaji asiye na fedha za ndege anaweza kujaza kalenda yake bila kupanda ndege hata moja.

Kinachosubiriwa ni kuona kama vyama vya gofu vya nchi hizi vitapanga mashindano yao yafuatane badala ya kugongana tarehe, na kama wafadhili wanaojitokeza wiki ya Kenya Open watabaki kwa wiki nyingine hamsini na moja.