Pweza Anayetaga Juu ya Kobalti

Ukipasua jiwe la dolomiti hapa Kambove, Katanga, mara nyingine utaona mistari myembamba iliyopindana kama maganda ya kitunguu. Ni alama za utando wa bakteria walioishi kwenye bahari ya kina kifupi, kiasi cha miaka milioni 800 iliyopita. Leo bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, lakini kobalti yetu imo ndani ya sakafu yake ya kale.

Ipo kobalti nyingine ambayo bado imefunikwa na maji. Katika Pasifiki, kati ya Hawaii na Mexico, mita 4,000 hadi 5,500 chini, yametapakaa mawe meusi yenye umbo la kiazi. Yana manganizi, nikeli, shaba na kobalti, nayo hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Huko ni giza tupu na baridi ya digrii moja au mbili. Anatambaa humo jongoo bahari wa manjano mwenye mkia uliosimama kama tanga. Wanasayansi, kwa utani wao, wamempa jina la kindi wa peremende.

Anayenishangaza zaidi ni pweza. Mwaka 2016, karibu na Hawaii, kamera ya roboti ilimkuta kwenye mita 4,290: mweupe, mlegevu, karibu uone hadi ndani yake. Wakambatiza Casper, jina la mzimu wa katuni. Kwenye bonde la Peru, chini ya Pasifiki hiyohiyo, pweza wa namna hiyo walionekana wamekumbatia mayai yaliyobandikwa kwenye vikonyo vya sifongo waliokufa. Vikonyo hivyo vimeota juu ya mawe yale meusi. Ukiliokota jiwe, umebeba na kitanda cha uzazi. Na uzazi wa kilindini si wa haraka: pweza wa jamii nyingine, pwani ya California, alilalia mayai yake miezi 53.

Mwaka 1989 watafiti walilima kipande cha sakafu hiyo ya bonde la Peru kwa makusudi, kuona uchimbaji ungeacha nini. Waliporudi 2015, matuta yalikuwa bado yanaonekana.

Kuna kampuni zinazotaka kuyachimba mawe hayo ya baharini, zikidai kwamba yataipumzisha ardhi ya Katanga. Mimi sishawishiki: shimo la pili halifukii la kwanza. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaika, ndiyo inayojadili kanuni za uchimbaji huo, na Kongo ni mwanachama wake. Tuwaulize wajumbe wetu: huko Kingston wanatetea nini?