Radoni: Gesi ya Ardhini na Hewa ya Nyumba za Karatu

Usiku wa Juni na Julai, baridi ya nyanda za juu za Karatu huwafanya watu wafunge madirisha mapema na kuota moto. Hewa iliyopata joto hupanda na kutokea penye upenyo karibu na paa, nayo nyumba huvuta hewa nyingine kutoka chini, kupitia nyufa za sakafu. Hewa hiyo ya udongoni ndiyo hubeba radoni.

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Huzaliwa pale madini ya urani yaliyomo katika miamba na udongo yanapochakaa na kuwa radiamu, kisha radiamu nayo kuwa radoni. Nje hutawanywa na upepo. Ndani ya nyumba iliyofungwa hujikusanya. Inapovutwa, chembe zitokanazo nayo hunata katika njia za hewa na kutoa mionzi inayojeruhi seli. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiorodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Ardhi na nyumba

Urani haijatawanyika sawasawa ardhini. Huko Minjingu, mashariki ya Ziwa Manyara, mwamba wa fosfeti una radiamu mara nyingi kuliko udongo wa kawaida. Kifusi cha mwamba wa aina hiyo hakifai kujazia msingi wala kufyatulia matofali ya nyumba ya kuishi. Karatu yenyewe iko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, na mipasuko ya miamba huipa gesi njia ya kupanda.

Umbo la nyumba nalo lina uzito wake. Tembe za asili za Wairaqw, nyingine zikiwa zimechimbwa kiasi katika mteremko, ziligusana na udongo kwa sakafu, kuta na paa. Nyumba ya saruji si kinga ikiwa sakafu ina nyufa na madirisha hayafunguliwi.

Kupima

Mwaka 1984, huko Pennsylvania, Marekani, mfanyakazi wa kituo cha nyuklia alikuwa akiliza kengele za mionzi alipokuwa akiingia kazini. Chanzo kilikuwa nyumba yake, iliyojaa radoni. Bila kipimo asingejua.

Hakuna dalili ya mwili, kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoonyesha kwamba nyumba ina radoni, hupimwa hewa. Kifaa kidogo cha kunasa alama za mionzi huwekwa katika chumba cha kulala, mbali na dirisha na jiko, kwa miezi mitatu au zaidi, kisha hupelekwa maabara. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kiwango cha rejea cha bekereli 100 kwa mita moja ya ujazo, na pasipowezekana, kisizidi 300. Kila ongezeko la bekereli 100 huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa takriban asilimia 16, na anayevuta sigara huumia zaidi. Chombo cha kisheria cha kudhibiti mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC).

Kupunguza

Hatua za awali ni nafuu: kufungua madirisha yanayoelekeana kila siku, kuacha matundu ya hewa, na kuziba nyufa za sakafu na nafasi zinazozunguka mabomba. Anayejenga upya atandike kokoto na karatasi ya nailoni chini ya zege, na kuweka bomba linalotoka katika kokoto hadi juu ya paa. Kiwango kikiwa kikubwa, feni hufungwa katika bomba hilo. Baada ya marekebisho, nyumba hupimwa tena. Dirisha lililo wazi hutoa pia moshi wa kuni na kupunguza maambukizi ya kifua kikuu.

Kwa mhudumu wa afya

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi huchunguzwa kwanza kifua kikuu, kama mwongozo unavyotaka. Makohozi yasipoonyesha vimelea, na mgonjwa akaendelea kukonda au kutema damu, asirudishiwe dawa zilezile mara kwa mara. Apewe rufaa mapema, kwa kuwa saratani ya mapafu hufanana na kifua kikuu. Aulizwe kuhusu sigara, jiko la kuni, kazi ya migodini na nyumba anamolala. Rufaa hiyo isisubiri majibu ya kipimo cha nyumba.