Sare Si Aibu

Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Leo twataka kuwakumbusha vijana kwamba hata sare yafaa kukubaliwa kwa moyo mweupe. Mfano wetu ni sataranji, mchezo wa majeshi mawili juu ya ubao wenye vyumba 64.

Tuseme wachezaji wawili wa nguvu sawa wamekutana, mmoja wa Kasongo, mwenzake wa Kabambare. Wamecheza saa nyingi, wakamalizana majeshi. Mtu wa Kasongo amebaki na mfalme na askari mmoja. Yule wa Kabambare ana mfalme tu. Watazamaji wamekwisha kumpa ushindi mtu wa Kasongo, kwani askari akifika mstari wa mwisho aweza kugeuzwa malkia. Naye amebakiza hatua moja tu!

Lakini tazameni. Mfalme wa Kabambare amesimama katika mstari huo wa mwisho, mbele ya askari kabisa. Mfalme wa Kasongo yuko nyuma ya askari wake, akimlinda. Sasa ni zamu ya Kabambare. Mfalme wake hashambuliwi, wala hana chumba cha kuendea pasipo kujitia hatarini. Sheria yaamuru: mchezo umekwisha, ni sare, kila mmoja apate nusu ya alama.

Je, hiyo ni bahati tu? Hasha! Mwenye askari alimsukuma kwa haraka. Kama mfalme angalitangulia kumfungulia njia, pengine angalishinda. Naye aliyebaki mnyonge hakukata tamaa, bali alizuia njia mpaka mwisho.

Hata mabingwa wa dunia yamewapata. Karpov na Kasparov walianza kushindana mjini Moscow mwaka 1984. Walicheza michezo 48, na 40 kati yake ikawa sare, hata mashindano yakasimamishwa Februari 1985 pasipo mshindi. Mwaka 2018, mjini London, Carlsen wa Norwe na Caruana wa Marekani walitoka sare michezo yote 12. Ndipo Carlsen akashinda katika michezo ya haraka.

Basi, enyi wanafunzi, mkitoka sare msigombane wala msidharauliane. Peaneni mikono, mkaulizane ni wapi kila mmoja angaliweza kucheza vizuri zaidi, kisha pangeni majeshi upya. Mwenye nguvu sawa nawe ndiye mwalimu wako.